Lile jiko la pinki

Mwanangu,

Sa hivi unasoma herufi moja moja kwa kidole, kwa hiyo hii utaisoma ukikua. Ni kuhusu siku ile Kariakoo, tulienda kununua viatu vya shule ukaona lile jiko la plastiki la pinki lenye kikaango na visahani, ukalikumbatia kabisa, muuzaji akacheka akasema hiyo ya mabinti dogo chukua gari, na mimi mama yako badala ya kukutetea nikakunyang'anya nikalipia gari. Hukulia. Ulinyamaza mpaka tunashuka daladala Mbagala, na hilo ndo linaniuma.

Af jioni tukapita kwa mkaanga chips pale kituoni, nikamwangalia anavyopasua mayai kwa mkono mmoja. Mwanaume. Wa mishkaki pembeni yake mwanaume, wa supu asubuhi mwanaume. Sasa jiko la kuchezea linakuwaje la wasichana?? Ni rangi tu baba, kiwandani wamepaka pinki wakaweka picha ya mtoto wa kike kwenye boksi, basi wote tukatii.

Nimesoma kumbe LEGO, wale wa matofali ya plastiki wa Denmark, mwaka 1974 waliwaandikia wazazi kikaratasi kwamba hamu ya kuunda vitu ni sawa kwa watoto wote, wapo wavulana wanaopenda nyumba za wanasesere na wasichana wanaopenda vyombo vya anga, ila 2021 kampuni hiyohiyo ndo inatangaza itaondoa mambo ya hiki cha kike hiki cha kiume kwenye bidhaa zake. Miaka 47! Na mi utotoni kaka zangu walisukuma magari ya waya, tairi za kandambili, nikigusa naambiwa kacheze na mdoli wako.

Ndo maana juzi tumekata lile boksi la tivii, upande huu kabati la chips lenye dirisha la nailoni, ukiligeuza daladala, visoda ndo hela. Nilitaka kulipaka rangi nikajizuia, likabaki kahawia hivyohivyo, na uani hakuna aliyeuliza ni la nani, binti wa jirani akashika usukani wewe ukakaanga af mkapokezana mpaka magharibi.

Lile gari bado liko juu ya kabati hujaligusa. Jiko nimeshaliulizia, mshahara ukitoka tunaenda wote, na mtu akicheka tena nitamjibu mimi.

Mama yako