Aliyepasuliwa shingo apewe kazi nyepesi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo waajiri wengi, na hata ndugu wa wagonjwa, hulichukulia kwa wepesi, nalo ni muda anaouhitaji mtu aliyepasuliwa shingo kabla ya kurejea katika kazi yake ya kawaida. Nalizungumza nikiwa mmoja wa wagonjwa hao. Ni karani wa stoo katika kiwanda kimoja hapa Morogoro, na kwa miaka kadhaa kabla ya upasuaji niliishi na maumivu ya kichwa yaliyokuwa yakianzia kisogoni upande wa kulia na kupanda hadi nyuma ya jicho.

Maumivu ya namna hiyo hayana alama. Mwenye mguu uliofungwa plasta hupishwa kiti kwenye daladala, lakini anayeumwa kichwa kila siku huulizwa kama amelala vizuri, kama amepima malaria, au kama ana mawazo. Nilipima malaria, nikapima presha, nikabadilishiwa miwani, na kati ya vipimo hivyo nikawa mteja wa kudumu wa duka la dawa. Hapo pana mtego ambao wagonjwa wachache huelezwa: mtu mwenye maumivu ya kichwa ya mara kwa mara akimeza vidonge vya kawaida vya kutuliza maumivu kwa siku 15 au zaidi katika mwezi, na akaendelea hivyo kwa zaidi ya miezi mitatu, vidonge vyenyewe vinaweza kuwa chanzo kipya cha maumivu. Kwa dawa zenye mchanganyiko, idadi hiyo hushuka hadi siku 10. Muuza dawa hawezi kumhesabia kila mteja, kwa hiyo ni vyema mgonjwa awe na daftari lake na aende nalo kwa daktari.

Shingo ina pingili saba. Mishipa ya fahamu inayotoka sehemu yake ya juu hupeleka taarifa mahali pale pale panapopokea hisia za uso, na ndiyo sababu hitilafu iliyo shingoni huweza kusikika kama maumivu ya jicho au ya paji la uso. Hata hivyo, na hili daktari alinieleza waziwazi kabla sijatia saini, sikupasuliwa kwa sababu ya kichwa. Nilipasuliwa kwa sababu diski moja, yaani kile kitu laini kinachokaa kati ya pingili na pingili, ilikuwa imetoka mahali pake na kubana uti wa mgongo, hata mkono wa kulia ukaingia ganzi, kufunga vifungo vya shati kukanishinda, na miguu ikaanza kuniishia nguvu. Daktari hupitia mbele ya shingo, huiondoa diski iliyoharibika, huweka mahali pake kipande cha mfupa au kifaa maalumu, na mara nyingi hufunga bamba dogo la chuma kwa skrubu ili pingili mbili zishikane mpaka ziungane kuwa mfupa mmoja. Baada ya hapo kichwa kinaweza kupata nafuu au kisipate. Changu kimepata nafuu, ingawa zipo siku kinanilaza.

Tatizo ni kwamba watu hutazama kovu. Kidonda cha shingo ni kidogo na hufunga mapema, ilhali mifupa huchukua miezi kuungana, pengine mwaka mzima, na sigara huichelewesha zaidi. Katika wiki za mwanzo sauti hukwaruza na chakula kigumu hakipiti, kwa hiyo niliishi kwa uji na mtori. Baadaye mgonjwa anaonekana mzima kabisa, anatembea na kuongea kama zamani, lakini hatakiwi kunyanyua mzigo mzito, kujitwika ndoo, wala kurushwarushwa na bodaboda kwenye mashimo.

Nilirudi kazini na barua ya daktari iliyoelekeza nipewe kazi nyepesi. Msimamizi aliisoma, akalitazama kovu, akasema naona umepona, kisha akanipanga zamu ya kupokea marobota. Nilipokataa nilionekana mvivu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Wafanyakazi wengi niliozungumza nao hawakuwa na habari hiyo. Lakini hata likizo hiyo ikitumika yote, mfupa unaweza kuwa bado haujakamaa, na ndipo kazi nyepesi inapohitajika. Kuandika hati za kupokea mali ukiwa umekaa, na kuinuka kila baada ya muda ili shingo isikakamae, ni kazi halali inayomfaa mwajiri pia.

Nigusie na vinyozi, maana saluni nyingi humalizia kunyoa kwa kuzungusha kichwa cha mteja ghafla mpaka shingo ilie. Mteja husikia raha. Kitendo hicho kinaweza kuchana ukuta wa mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo na kuleta kiharusi, na kwa mtu mwenye bamba shingoni ni hatari zaidi. Sasa nikikaa kwenye kiti namwambia kinyozi mapema kwamba kichwa kisiguswe zaidi ya mashine.

Kwa hospitali zetu ninaomba mgonjwa anaporuhusiwa apewe karatasi ya Kiswahili inayosema anyanyue nini, asinyanyue nini, mazoezi gani ayafanye na lini, na dalili zipi zimrudishe haraka, kama vile miguu kulegea, mkojo kumtoka bila kujizuia, au kushindwa kupumua vizuri. Fomu iliyojaa vifupisho vya Kiingereza haimsaidii mtu anayerudi Mahenge au Malinyi, ambako hana wa kumsomea. Nakala ya karatasi hiyo ipelekwe pia kwa mwajiri, ikiwa na mhuri na tarehe ambayo mgonjwa ataruhusiwa kunyanyua mzigo, ili msimamizi asilazimike kukisia kwa kutazama kovu.

Msomaji wako,
Morogoro