Barua kwa meneja: niregesheeni vyuma vyangu vya BSA ya vita na mlipe mlichoharibu

Kwa Meneja,
Idara ya Spea na Ukarabati wa Pikipiki za Zamani,
Karakana ya Shimanzi,
Mombasa.

KUH: BSA M20 MLIYOIHARIBU NA SPANA ZA UONGO MLIZONIUZIA

Assalam aleikum bwana meneja,

Nimeamua kuandika kwa sababu kwa simu hatusikizani, yule kijana wenu wa kaunta kila nikipiga aniambia "spea ni spea mzee, mradi imeingia", na msimamizi wa karakana siku hizi hata simu yangu hashiki. Bas nataka iwe kwa maandishi, kesho mtu asije akasema hakuambiwa.

Pikipiki yenyewe mwaijua, ni ile BSA M20 ya Kiingereza iliyotengenezewa jeshi, injini ya silinda moja ya 496cc, valvu za pembeni, foku za mbele zile za mabomba na springi moja kubwa katikati, nyuma haina springi kabisa. Babu yangu aliinunua kwenye mnada wa vitu vya jeshi Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, akaiendesha, akamwachia baba, baba akaipiga rangi nyekundu, halafu ikakaa nyuma ya nyumba kule Majengo chini ya turubai na hii hewa yetu ya chumvi ikaanza kuila polepole. Namba ya fremu inaanza na WM20 na ya injini vilevile, hiyo W mbele ndiyo alama ya jeshi. BSA walitoa zaidi ya 120,000 za aina hii wakati wa vita lakini nyingi zilizobaki zimechanganywa vyuma vya huku na huku, hii ya kwangu ilikuwa na bolti zake, nati zake, mpaka vishikio vya hendeli, kwa sababu nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa na pesa ya kubadilisha kitu. Hilo ndilo lililokuwa na thamani, na nilikueleza wewe mwenyewe siku ile pale kaunta.

Nilikuja kwenu kwa ajili ya tangazo lenu. Mliandika mna spea halisi za wakati wa vita, mna vifaa vyake halisi na mafundi wanaovijua. Nikaleta pikipiki na kazi tatu tu: tangi lisafishwe kutu ya ndani, magneti ya Lucas, ile inayotoa cheche ya injini, isukwe upya, na injini izibwe pale inapovuja oili kwenye kifuniko cha upande. Jobu kadi ninayo, nakala imeambatishwa na barua hii, na chini yake fundi wenu ameandika kwa mkono wake: tangi nje lisiguswe, bolti za zamani apewe mwenyewe. Ana sahihi yake pale na mimi nina yangu.

Sasa niwaambie mlichofanya.

Tangi mlilipiga mchanga. Nilipofika kulichukua lilikuwa limening'inizwa nje kwa waya, jeupe chuma kitupu, na kijana akaniambia kwa furaha kabisa "tumekusafishia yote mzee, sasa tukuokee rangi gani". Nikashindwa kusema. Chini ya ile rangi nyekundu ya baba kulikuwa na rangi za jeshi, moja juu ya nyingine, na mimi nilikuwa naitoa ile nyekundu kwa msasa mwembamba wa maji, kipande cha upana wa vidole viwili kwa siku, nasugua kidogo napangusa kwa kitambaa naangalia, kwa sababu ukizidisha mkono mara moja tu umepita. Ya juu ilikuwa kijani cha kuiva, chini yake kahawia, na juu ya ile kahawia kwa rangi nyeupe ilishaanza kutoka herufi C na baada yake tarakimu, nilikuwa nimefika ya nne. Kila pikipiki ya jeshi la Uingereza ilipewa namba ya C ikapigwa kwenye tangi, na namba hizo zilitolewa kwa mafungu kufuatana na mkataba wa kuziagiza, yaani ukiwa nayo yote waweza kujua pikipiki yako ilikuwa kwenye oda ipi. Na zile rangi zenyewe zina maneno yake, jeshi walianza vita na kijani cha khaki, katikati ya vita wakaenda kwenye kahawia, mwaka 1944 wakatoa amri ya kijani cha zeituni, kwa hivo kahawia chini na kijani juu ni historia ya pikipiki moja imeandikwa hapo kwenye bati. Mimi nilikuwa naisoma. Nyinyi mkaipuliza kwa kompresa mchana mmoja.

Na hiyo haina spea. Bolti naweza kuagiza Uingereza, tangi naweza kupata jengine, lakini tarakimu zilizokuwa zimebaki chini ya rangi nyekundu siwezi kuzipata popote duniani, na hata zile nne nilizozipiga picha peke yake hazinifikishi. Tafadhali bwana meneja uelewe kwamba hili ndilo kubwa, haya mengine yote yafuata nyuma yake.

La pili ni injini. Kifuniko cha upande kilikuwa chavuja kwa sababu gasketi ilikuwa imekufa, kazi ya kubadilisha karatasi na kupaka dawa kidogo. Fundi wenu alipofungua akapoteza skrubu mbili, au akazikata sijui, akaenda kwenye debe la bolti za bodaboda akachukua M8, bolti ya milimita 8, akaona inaanza kuingia halafu yagoma. Yagoma kwa sababu bolti za pikipiki hii hazina uzi, yaani ile mistari ya kuzungukia, wa milimita hata moja! Waingereza wa wakati ule walitumia Whitworth na BSF, nyuzi zao za kupimwa kwa inchi, na kwenye pikipiki wakaongeza ule uzi wao mwembamba wa baiskeli, mistari 26 kwa inchi moja. Bolti ya inchi tano kwa kumi na sita ni kama milimita 7.94, M8 ni 8, kwa macho ni ndugu, lakini M8 ya kawaida ina mistari kama 20 tu kwa inchi, kwa hivo ukiilazimisha yaenda mizunguko miwili mitatu halafu yaanza kutafuna. Mtu anayejua husimama pale pale. Fundi wenu alichukua drili, akatanua mashimo, akapiga tepu ya M8, yaani akakata uzi mpya, kwenye aluminiamu yenye zaidi ya miaka themanini, na si yale mawili tu, alifanya yote "ili yafanane". Tundu moja limetobolewa upande hata halikunyooka, bolti imekaa kichwa juu, na oili bado yavuja, tena kuliko mwanzo. Nimeambatisha picha, angalia ile ya tatu, utaona ufa mdogo unaoanza kwenye tundu la chini kwenda ukingoni.

Zile skrubu za asili zilizobaki na bolti nyengine za injini nilipoziuliza nikaambiwa zimeenda na vyuma chakavu. Jobu kadi yasema nipewe mimi. Kwani hiyo jobu kadi nyinyi mwaandika ya nini?

La tatu, spana. Mliniuzia seti mkaniambia ni Whitworth za zamani, shilingi 16,500, risiti ipo. Kwa faida ya kijana wenu wa kaunta, spana ya Whitworth haisomwi kama ya milimita, ile namba yake ni unene wa bolti na haina habari na upana wa mdomo. Iliyoandikwa 1/4W mdomo wake ni inchi 0.525, sawa na milimita 13.3, ndio maana 13 haiingii na 14 inacheza mpaka inazungusha pembe za nati. Ya 5/16W ni 15.2, 15 haiingii na 16 ni legevu. Spana nyingi zina namba mbili pamoja, 1/4W na 5/16BS, kwa sababu kichwa cha bolti ya Whitworth ya 1/4 na cha BSF ya 5/16 ni kimoja, na hilo ndilo jambo la kwanza mtu huangalia. Zenu zina 1/4W peke yake imegongwa kwa panchi ya mkono, herufi W imelala, nikapima kwa venia, kile kipimo cha taya, mdomo nikapata 14.0 kamili. Ile ya pili 16.0. Ukiiweka kwenye mwanga na kuipangusa mafuta waona pale mliposaga kwa grainda kuondoa namba ya zamani, mstari wa tarakimu bado umebaki kwa mbali. Mtu alikaa akafanya kazi hiyo kwa makusudi. Yaani hizi ni spana za milimita zimebandikwa jina, na nati mbili za silinda zimeshaharibika pembe kwa sababu fundi wangu aliziamini.

Kuna na vishikio vya hendeli. Mmetoa vyangu mkaweka vya raba vipya vya bodaboda, bila hata kuulizwa, mkaandika kwenye bili "zawadi". Vyangu vilikuwa vya turubai na kijana akasema raba yake ilikuwa imeisha ikabaki kitambaa. Haikuisha, haikuwepo. Mwaka 1942 Wajapani walipochukua Malaya, kulikokuwa na mashamba ya mpira, Waingereza walikosa mpira, pikipiki za jeshi zikaanza kutoka na vishikio vya turubai na vikanyagio vya chuma kitupu. Ni mwaka huohuo meli zao za kivita zilikimbia Ceylon, Sri Lanka ya leo, zikaja kukaa hapa Kilindini, ng'ambo tu ya hiyo karakana yenu, wazee wetu walizihesabu kwa macho. Kile kitambaa kilichooza ndicho kilichokuwa kikinipa mwaka wa pikipiki, hasa sasa kwa vile namba ya tangi imeondoka. Kama bado kiko kwenye pipa kitafuteni leo kabla gari la taka halijapita.

Na rimu mkataka kuzitia kromu, nashukuru niliwahi. Rimu za M20 ya jeshi zilipigwa rangi, mtu wa vitani hataki chuma king'ae juani.

Magneti mlifanya vizuri, hilo sitalificha. Cheche yatoka ya buluu, kali, bila betri, kama inavyotakiwa. Yule mzee aliyeisuka ni fundi kweli na pesa yake ni halali yake, na lau mngempa yeye pikipiki yote mimi nisingekuwa naandika hapa.

Ninachotaka ni hiki. Bolti, skrubu na vishikio vyangu vyote vilivyobaki nipewe, hata vikiwa vimekatika, na kama mliuza chakavu nendeni kwa huyo mliyemuuzia mkavitafute kwa sababu debe la vyuma vyangu lilikuwa na rangi ya kijani na jina langu juu yake. Shilingi 16,500 za spana niregesheeni zote, spana nitawaletea kaunta siku mtakaponipa pesa zangu. Kazi ya tangi na kifuniko mlinitoza 31,000, hizo pia niregesheeni, ya magneti bakini nayo. Na injini itengenezwe kwa gharama yenu na fundi wa leti, ile mashine ya kuchonga vyuma, nitakayemchagua mimi, yale mashimo yatiwe bushi na kukatwa upya uzi wa Whitworth, ule ufa uangaliwe na mtu anayejua kuchomelea aluminiamu ya zamani iliyonyonya oili, si mtu wa kujaribu. Kwa tangi nataka barua yenye sahihi yako ikieleza lilikuwa katika hali gani lilipoingia na nani aliamuru lipigwe mchanga, pamoja na picha zozote mlizopiga kabla. Hizo picha ni muhimu mno. Huwa mwapiga picha kila kinachoingia, nimeona simu ya karakana, na huenda kwenye picha moja ile C na tarakimu zinaonekana kwa pembe nyengine, au kuna alama ambayo mimi sikuiona. Msizifute.

Sheria mwaijua pia. Katiba yetu kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma ya ubora unaofaa na haki ya kuambiwa ukweli wa anachonunua, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa yasema kitu kikiuzwa kwa maelezo lazima kifanane na maelezo hayo. Spana ya milimita iliyogongwa W haifanani. Mahakama ya Madai Madogo yasikiliza madai mpaka shilingi milioni moja na huhitaji wakili, mimi nina jobu kadi, risiti, ujumbe wa M-Pesa, picha, na hizo spana zenyewe. Nawapa siku 14 tangu kupokea barua hii. Sipendi kufika huko, mji ni mdogo na wapenzi wa pikipiki za zamani hapa pwani twajuana wote.

Fremu na foku bado ziko kwenu. Zisiguswe na mtu, zisisogezwe nje kwenye mvua, wala asije mtu akakaza hata nati moja mpaka nije na fundi wangu na spana zetu. Nitakuja Jumamosi asubuhi kuzichukua, niwekeeni mtu wa kufungua geti, na hizo picha za simu nitumieni kabla ya siku hiyo.

Mteja wenu,
mwenye ile BSA ya Majengo