Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nyigu Wetu wa Bwiru

Ndugu wanachama,

Wazee wetu shikamooni, na wengine habari za mwaka. Hesabu atazisoma mweka hazina mwenyewe, kwa hiyo nianze na lile mlilolifuata.

Hatujagundua aina mpya ya nyigu. Najua kwenye kundi la WhatsApp tumeshapongezana, na kuna aliyekwisha kumpa mdudu jina la Kisukuma. Tulichonacho ni nyigu jike mmoja tusiyemjua jina. Kutojulikana na sisi ni jambo moja, kutojulikana na ulimwengu ni jambo jingine.

Kwa ambao hamkuwepo: mwezi Machi tulisimamisha hema la neti kati ya mawe ya Bwiru. Ni mtego wa Malaise, jina la Msweden aliyeubuni. Mdudu akigonga neti hupanda kufuata mwanga, na huko juu huangukia kwenye chupa ya spiriti. Wiki ya tatu tukamkuta: mweusi, miguu ya rangi ya chungwa, kiuno kama uzi, na nyuma mrija wa kutagia mayai mrefu kuliko mwili wake. Mama mmoja alidhani ni mwiba, akarudi hatua tatu. Hapana, mama, huo si wa watu. Nyigu wa namna hii hupenyeza mrija kwenye gogo hadi amfikie buu wa mbawakawa, amtagie yai. Mtoto akianguliwa, chakula chake ni buu huyo.

Ili aitwe mpya, lazima mtaalamu amlinganishe na vielelezo vilevile vilivyotumika kuwapa majina ndugu zake. Vingi vya Afrika viko kwenye makumbusho ya Ulaya, kama London, na Tervuren kule Ubelgiji. Kisha aandike maelezo, yachapishwe. Jirani zetu Uganda wana msitu wa Kibale, upande wa milima ya Rwenzori. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Turku, Finland, walimtangaza nyigu wa huko mwaka 2019, wakamwita Epirhyssa quagga, kwa jina la pundamilia aliyekwisha kutoweka. Wao walikuwa na mamia ya nyigu wa kundi lake mezani. Sisi tunaye mmoja.

Na huyo mmoja nimemharibia mimi. Kibandiko cha ndani ya chupa niliandika kwa kalamu ya wino badala ya penseli. Spiriti ikaufuta wote. Limebaki doa la bluu na herufi mbili, "Bw". Tarehe imepotea. Mdudu asiye na mahali wala tarehe hamsaidii mtaalamu sana, hata awe mzuri namna gani. Naomba radhi.

Wenzetu wa Sengerema waliuliza faida ya haya yote wakati batobato, ugonjwa wa muhogo, inamaliza shamba. Swali la haki. Wakumbuke kidung'ata wa muhogo, mdudu aliyeingia Afrika kutoka Amerika Kusini miaka ya 1970. Dawa hazikumweza. Aliyemweza ni nyigu wa milimita chache tu, Anagyrus lopezi, aliyetafutwa Paraguay na kuachiwa Nigeria mwaka 1981, kisha nchi nyingine nyingi. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Asingekuwepo mtu wa kumtenganisha nyigu mmoja na mwingine, nani angejua wa kumleta? Batobato yenyewe ni virusi, na nyigu hamwezi. Hapo tafuteni mbegu safi.

Mwaka ujao naomba fedha za neti mpya (ya zamani mbuzi wameila pembeni), spiriti, na penseli. Kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, tukianze mapema. Bila hicho, chupa hazitoki hapa kwenda kwa mtaalamu nje ya nchi.

Nyigu yuko kwangu, juu ya kabati, chupa imefungwa kwa plasta. Anayetaka kumwona apige simu kwanza, maana mke wangu hapendi wageni wa kuja kutazama wadudu saa ya chakula.