Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Tumsifu Yesu Kristu!

Ndugu wanachama, habari za fedha mweka hazina atawasomea mwenyewe. Jambo langu ni lile lililotugombanisha mwaka mzima: nani aimbe katika Misa yetu ya Kilatini, na aimbe nini.

Mnaikumbuka Jumapili ile mpiga kinanda mgeni alipogusa kitufe bila kukusudia, tuko katikati ya Kyrie, ule wimbo wa "Bwana, utuhurumie", kinanda kikaanza kupiga rumba. Watoto waliangua kicheko. Nami nakiri nilijificha nyuma ya daftari. Kitufe kile sasa kimezibwa kwa plasta.

La harusi lilikuwa zito zaidi. Maarusi walileta mwimbaji wa kukodi, na flashi yenye muziki uliorekodiwa. Tulikataa, jamaa zao wakanuna hadi ukumbini. Maagizo ya Roma ya Septemba 1958 yanakataza santuri, redio na mashine za namna hiyo ndani ya ibada. Na Papa Pius wa Kumi, katika waraka wake wa tarehe 22 Novemba 1903, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, alionya kwamba sauti ya mtu mmoja isitawale wimbo. Humohumo akasema si haki kumchelewesha padre altareni kwa sababu ya muziki. Hapo tuliguswa wenyewe: Sanctus yetu, yaani "Mtakatifu", ya sauti nne siku ya Pasaka ilimfanya Baba Paroko atugeukie mara mbili.

Waraka huohuo ndio walioushika ndugu waliotaka akina mama na dada watoke kwenye kwaya. Ni kweli, mwaka 1903 sauti za juu ziliachiwa wavulana. Lakini mbona wakaishia hapo? Mwaka 1955 Papa Pius wa Kumi na Mbili aliruhusu wanawake waimbe pasipo na wavulana wa kutosha, mradi wasimame nje ya patakatifu, yaani eneo la altare. Sisi wavulana tunao watatu, na mmoja sauti imeshaanza kukwaruza. Akina dada wakiondoka, Introiti, wimbo wa kuanzia Misa, nitaiimba na mlinzi wa geti. Watabaki palepale roshani, na mjadala huo kwangu umefungwa.

Kuhusu ngoma na kayamba, tulibishana usiku ule hadi wanaokaa Rongai wakaanza kuulizana habari za matatu ya kurudi nyumbani. Pius wa Kumi alikataza ngoma kanisani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1963 ukataka muziki wa asili wa nchi za misheni upewe heshima yake, huku Gregoriani, uimbaji wa kale wa Kilatini, ikibaki na nafasi ya kwanza katika liturujia ya Kirumi. Mimi naona hivi: Misa ya Kilatini tuiimbe kwa sauti na kinanda tu. Misa ya Kiswahili ya saa nne ina ngoma yake, na nusu yetu huwa tunabaki kuicheza. Kwa hiyo sitaki kusikia tena mwanachama akiwadharau wapigaji wake.

Mazoezi yataendelea Jumamosi saa tisa alasiri, honi za barabarani zikitusindikiza kama kawaida. Kwaresima kinanda kitapigwa kwa kushikilia sauti tu, bila madoido. Sauti ya tatu, ninyi mnaokiegemea kama mkongojo, njooni nusu saa mapema.