Barua kwa mwanangu: Uliza nani atakuwa nawe saa nane za usiku

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika salama. Mama yako aliisoma kwa sauti, akapunguza mwendo pale ulipoeleza zamu zako za usiku. Sisi hatujambo. Mahindi yamekubali mwaka huu, na wadogo zako wanakusalimu.

Umeniuliza mambo mawili ingawa umeyaandika kama jambo moja. Kwanza, ukimaliza mwaka wako wa udaktari tarajali na kupata usajili, je, usubiri hadi upate nafasi ya ubingwa Muhimbili, Dar es Salaam, au ukubali chuo kile cha kanda ambacho wenzako wanakitaja kwa dharau? La pili umelificha katikati ya ukurasa: je, ni aibu kwa daktari aliyefaulu vizuri kuchagua ubingwa wa ganzi na usingizi, wakati wenzake wanakimbilia upasuaji, moyo na magonjwa ya wanawake? Naanza na hilo la pili, maana ndilo lililonikosesha usingizi.

Mwanangu, mimi nimekuwa daktari msaidizi katika hospitali ya wilaya kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Unajua vizuri kwamba kwa miaka mingi upasuaji wa kujifungua katika wilaya za nchi hii ulifanywa zaidi na watu wa kada yangu. Mama akitoka salama, ndugu walikuja kunishika mkono mimi niliyeshika kisu. Hawakumjua nesi wa usingizi aliyekaa kichwani pa mgonjwa muda wote, na kipima presha cha mkono, stetoskopu na chupa ya ketamini. Nilimjua mimi. Kila nilipoinua macho nilimtazama yeye kwanza, kwa sababu uso wake uliniambia hali ya mgonjwa kabla ya damu kuniambia.

Ketamini imeokoa watu wengi sana katika hospitali zetu, kwa kuwa mgonjwa huendelea kuvuta pumzi mwenyewe na presha yake haiporomoki. Lakini akiletwa mama mwenye kifafa cha mimba, presha ikiwa tayari imepanda kupita kiasi, ketamini inaweza kuipandisha zaidi. Ukisema umpe ganzi ya uti wa mgongo, swali la kwanza ni kama chembe sahani zake, zile zinazogandisha damu, zimeshuka, na mara nyingi maabara ya usiku haikuwa na jibu. Akiletwa mwingine aliyevuja damu nyingi, ganzi ya mgongo inaweza kuiangusha presha yake ukiwa hujamaliza hata kunawa. Hapo ndipo anapotakiwa mtu aliyesomea: ajue kuilinda njia ya hewa ya mama mjamzito, ambayo huvimba na kuwa ngumu kuliko ya mtu mwingine, ajue dawa ipi na kiasi gani, na awe na moyo wa kumwambia mpasuaji, "Ngoja kwanza." Sisi mtu huyo hatukuwa naye. Tulikuwa na nesi hodari aliyefundishwa kwa muda mfupi na kuachiwa mzigo wa bingwa.

Shirikisho la dunia la vyama vya madaktari wa usingizi linapendekeza angalau madaktari watano wa fani hiyo kwa kila watu 100,000. Sensa ya 2022 ilitukuta Watanzania zaidi ya milioni 61. Piga hesabu mwenyewe: tunahitaji zaidi ya 3,000, na hatujafika hata karibu. Tunaweza kujenga vyumba vya upasuaji kila wilaya, na tumejenga vingi, lakini chumba hakimlazi mgonjwa wala hakimwamshi. Kwa hiyo wanaokucheka wanacheka nafasi ambayo nchi nzima inaililia.

Tena kila siku unatumia kazi ya daktari wa usingizi bila kumfikiria. Mtoto akizaliwa unampa alama kwa mapigo ya moyo, pumzi, nguvu ya misuli, anavyoitikia akiguswa, na rangi ya ngozi. Alama hizo zimebeba jina la Virginia Apgar, Mmarekani aliyefunzwa upasuaji kwanza, New York. Mkuu wake, Allen Whipple, alimshauri ahamie usingizi, kwa kuwa aliona upasuaji hauwezi kusonga mbele bila madaktari hodari wa kuwalaza wagonjwa. Apgar akakubali, ingawa wakati huo hospitalini kwao kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa wauguzi na hakuna daktari aliyeiona kuwa ya heshima. Alama zake alizitangaza mwaka 1952, na leo zinatajwa katika kila chumba cha uzazi unachokijua.

Sasa sikiliza alikokwenda kujifunza, maana hapa ndipo swali lako la kwanza linapoingia. Alifunga safari hadi Madison, Wisconsin, mbali na majina makubwa ya mashariki mwa Marekani. Huko alikuwako Ralph Waters, daktari aliyekuwa amefanya kazi katika miji ya kawaida ya katikati ya nchi hadi chuo kikuu kilipomchukua mwaka 1927. Waters alianzisha mafunzo ya ubingwa wa usingizi ndani ya chuo kikuu, yenye kusimamiwa, yenye vikao vya kila wiki ambapo kila kilichokwenda vibaya kiliwekwa mezani na kujadiliwa. Watu walimfuata yeye na utaratibu wake. Waliotoka kwake wakaenda kuanzisha idara kwingine, na ndivyo jina la mahali hapo lilivyokua.

Hata Muhimbili yetu haikuzaliwa na jina. Makerere ilikuwa ikifundisha udaktari tangu 1924, na kwa muda mrefu kijana wa Afrika Mashariki aliyetaka kuwa daktari alikuwa akitazama Kampala tu. Shule ya Dar es Salaam ilianza 1963 chini ya Wizara ya Afya, ikawa kitivo cha chuo kikuu 1968, chuo kishiriki 1991, na chuo kikuu kamili 2007. KCMC ya Moshi ilikuwa hospitali tangu 1971, lakini chuo chake cha udaktari kikafunguliwa 1997. Bugando ya Mwanza nako, hospitali ya mwaka huohuo wa 1971, udaktari ukaanza kufundishwa 2003. Leo watu wanayataja majina hayo matatu kwa heshima, wakisahau kwamba kila moja lilikuwa chuo kichanga kilichotiliwa shaka na waliosoma kwingine.

Sikuambii jina halina maana. Ningekudanganya. Ukiwa Muhimbili uko jirani na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na taasisi ya mifupa, MOI. Tangu 2017 hospitali yenyewe inapandikiza figo, huduma ambayo zamani wagonjwa wetu waliifuata India. Daktari wa usingizi anayekulia hapo anaona moyo uliofunguliwa, ubongo, watoto wachanga wenye kasoro za kuzaliwa. Mambo hayo hayapatikani kila mahali, na ukisikia mtu anasema vyuo vyote ni sawa, ujue hajaingia katika vyumba hivyo.

Na kuhusu chuo chako cha shahada, wenzako wanapokuuliza "umesoma wapi?" na wewe unashusha sauti, nataka uache kushusha sauti lakini pia usijidanganye. Leseni yenu inatoka Baraza moja la madaktari, haina daraja la chuo. Ila uliniambia mwenyewe kwamba walimu wa patholojia walikuwa wachache, wengine wakija wiki chache na kuondoka. Hilo ni pengo la kweli, na linazibwa kwa kitabu na kwa kukaa maabara, wala si kwa kupata cheti kingine chenye jina kubwa juu yake. Kaa na daftari, andika unayoyakosa, uyafuate moja moja kabla hujaingia ubingwa. Fiziolojia na famakolojia ndizo uti wa mgongo wa usingizi, anzia hapo. Zile orodha za vyuo bora duniani zinahesabu tafiti zilizochapishwa na maoni ya wanazuoni. Hazina safu ya kuonyesha nani aliweza kumwingizia mgonjwa mpira wa hewa kooni usiku taa zikikatika.

Kwa hiyo uamuzi wako usiufanye kwa kusikia. Nenda ukaone, na kama nauli ni ngumu, piga simu kwa wanaosoma hapo. Waulize saa nane za usiku, mgonjwa wa dharura akiletwa, nani anakuwa nawe chumbani. Je, bingwa yuko jengoni, au yuko nyumbani kwake na simu, au mwenzako wa mwaka wa pili ndiye anayeitwa bingwa usiku huo? Swali hilo kwangu linazidi mengine yote. Mtu hafundishwi na mgonjwa peke yake. Anafundishwa na mgonjwa pamoja na mkono wa mkubwa ulio karibu vya kutosha kumzuia. Waulize pia mnagawana wagonjwa wangapi. Hospitali kubwa inaweza kuwa na oparesheni nyingi na bado wewe ukawa wa nne nyuma ya meza, ukitazama mabega ya wenzako, wakati hospitali ya kanda yenye wanafunzi wachache inakupa kazi ya mkono wako tangu miezi ya mwanzo. Kinyume chake pia hutokea: wachache kwa sababu hakuna anayefundisha, na mnatumika kuziba upungufu wa watumishi. Namba peke yake haitakuambia ni ipi kati ya hizo mbili.

Uliza kama kila mashine ya usingizi ina kipimo cha hewa chafu anayoitoa mgonjwa na kipima oksijeni cha kidole, na kama vinafanya kazi au vimefunikwa kitambaa. Uliza kama mgonjwa akifa mezani kuna kikao, na kikao hicho kinatafuta sababu au kinatafuta wa kulaumiwa. Chuo kinachoficha vifo vyake hakiwezi kumfundisha mtu wa usingizi, kwa sababu fani hii yote imejengwa juu ya kujua kilichoua jana. Na uliza kuhusu chumba cha wagonjwa mahututi: kama madaktari wa usingizi ndio wanaokiendesha, utatoka ukiwa na ubingwa wenye mikono miwili.

Fedha ni lazima tuzitaje. Shahada ya uzamili ya tiba ni miaka mitatu, kwingine na kwa fani nyingine zaidi, na katika vyuo vyetu unalipa ada huku ukifanya kazi wodini usiku na mchana. Jambo hili sijawahi kulikubali moyoni, na nitalisema mpaka nife: nchi yenye njaa ya mabingwa haipaswi kumtoza daktari anayeihudumia akiwa anajifunza. Lakini ndivyo ilivyo. Kama utaajiriwa serikalini kwanza, unaweza kuomba ruhusa ya masomo ukabaki na mshahara wako, kwa masharti ya kurudi. Wizara nayo ina ufadhili kwa wanaosomea ubingwa na ubingwa bobezi. Fuatilia mapema, na fani zenye upungufu kama yako zina haki ya kusikilizwa kwanza.

Ipo pia njia ambayo wengi hawaiangalii vizuri. Wapasuaji wana chuo chao cha kikanda, COSECSA, makao yake Arusha, ambacho humfundisha daktari akiwa ameajiriwa katika hospitali iliyokaguliwa na kukubaliwa, anaandika kila oparesheni anayoifanya, kisha anafanya mtihani mmoja na wenzake wa Kenya, Zambia, Malawi, Ethiopia na kwingineko. Madaktari wa usingizi nao wana cha kwao, CANECSA. Kinachonipendeza hapo ni kwamba jina la hospitali uliyokulia halikupi alama. Wanaokutahini wanatoka nchi mbalimbali. Soma masharti yao kabla hujaamua.

Kwenda nje sitakuzuia. Jua tu kwamba Uingereza na Marekani wana mitihani yao, na kwamba bingwa wa hapa kwa kawaida hapokelewi huko kama bingwa siku ya kwanza. Ukitaka kwenda, ningependa uende baadaye, kuongeza ujuzi wa jambo moja unalolijua kwa jina, kama usingizi wa watoto au wa moyo.

Mimi, ukiniuliza nikuambie bila kuzunguka, naona usisubiri. Ukikuta chuo cha kanda kina mabingwa wanaolala hospitalini zamu zao, chukua nafasi hiyo mwaka huu, kisha omba miezi ya kuzunguka Muhimbili kwa ajili ya moyo na ubongo. Hilo nalo waulize kama wanaliruhusu. Ukikuta usiku wenu ni wa peke yenu, subiri, na mimi na mama yako tutakuunga mkono mwaka huo wa kusubiri bila kunung'unika.

Ada ya maombi nimeshamwachia mama yako, atakutumia kwa simu Jumamosi. Na ukianza kuwapigia hao wanaosomea ubingwa, anza na wa mwaka wa kwanza. Wa mwaka wa mwisho amekwisha kuzoea na anawaza tasnifu yake. Wa mwaka wa kwanza bado anakumbuka kilichomshtua.

Baba yako