Barua kwa Zawadi: bega la mama

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Zawadi,

Salamu nyingi. Najua nimekunyamazia tangu harusi ya kina Mwanaidi, utanisema ukija. Habari za Moshi na baridi yenu? Huku wote wazima isipokuwa mama. Kapata kiharusi, wiki ya saba sasa, upande wa kushoto. Ulimi umebaki mzima, tena umezidi makali. Juzi kautazama mkono wake juu ya mto akauliza, "Huu wa nani? Mwambieni aje auondoe." Watu wakacheka. Mimi na wewe, watu wa fiziotherapia, tunajua maana yake, kwamba ubongo umeusahau upande ule; sikuwaambia.

Kilichonikalisha niandike ni bega. Kaka, kwa mapenzi yake, alikuwa anamnyanyua kitandani kwa kumvuta mkono uleule uliopooza, na mkandaji wa mtaani akija na mafuta ya nyonyo anaupandisha mpaka sikioni. Nilipoligusa, chini ya ncha ya mfupa wa bega pana upenyo wa kuingia kidole, yaani bega limeanza kuchomoka. Niligombana na nyumba nzima.

Lakini Zawadi, aliyemliza mama ni mimi. Jumanne nilikuwa nawahi zamu, nikaunyoosha mkono harakaharaka. Kiwiko kikajikunja kwa nguvu, vidole vikafunga ngumi, akapiga ukelele. Miaka tisa nawaambia wanafunzi kwamba mnyoosho wa ghafla huuamsha msuli na wa taratibu huutuliza. Kwa mama mzazi nikasahau.

Sasa naenda polepole. Nakaa kushotoni kwake, mkono wangu mmoja umebeba kombe la bega. Nakunja kifundo cha mkono kidogo ili vidole vilegee, natoa gumba nje, nafungua kidole kimoja kimoja, ndipo nanyoosha kifundo na kushikilia nikihesabu hadi 60. Kiganja sikibonyezi.

Halafu ile PNF tuliyoitania darasani, ile njia ya kuamsha misuli kwa kuuongoza mkono na kuuzuia kidogo! Ati Kabat na Knott waliianzisha Marekani miaka ya 1940 kwa wagonjwa wa polio, sisi wakatuachia mishazari ya kukariri, ile mijongeo ya kwenda kimshazari. Unakumbuka mfano wa kuchomoa upanga? Mama hajawahi kushika upanga. Nikachukua mshazari mwingine, nikampa kanga. Mkono unaanzia chini kando ya paja, unapanda ukikatiza kifua kwenda bega la kulia, kama anayejitanda. Kwanza nauongoza mwenyewe: "Niachie." Kisha: "Nisaidie." Kisha nazuia kidogo tu: "Haya, vuta kanga yako!" Siku ya nne nikahisi kitu mkononi, kidogo mno, kama changu anayeonja chambo. Pindo liliishia kifuani. Begani bado.

Linalonisumbua ni ule uchambuzi wa 2017 wa Cochrane, wale wanaojumlisha tafiti za tiba, uliokuwa unanipigia nao kelele, kwamba kunyoosha tu kwa muda usiofika miezi saba hakusaidii la maana viungo vinavyokakamaa. Basi dakika 40 zangu za kila alfajiri ni za nini? Najijibu kwamba kanga si kunyoosha, kanga ni kazi. Usiku bega linamuuma, nalala macho nikiwaza, ni kaka, ni mkandaji, au ni mimi ile Jumanne?

Kwa hiyo nakuomba uje. Nataka umshike wewe, mimi nikae pembeni kama mtoto wa mgonjwa. Ijumaa utapata ruhusa? Bega unalilazaje usiku, mto mmoja au miwili? Kombeo la kubebea mkono unampa siku nzima au akisimama tu? Yule mgonjwa wako, babu wa Marangu, maumivu yaliisha lini? Na mkandaji nimfukuze au nimfundishe? Mama anampenda, maana ndiye anayemletea umbea wote wa Ngamiani.

Njoo na maparachichi, kaagiza mwenyewe. Na ukimjua mwenye mkono ule, anasema uje naye.

Wako,
Mwanahawa