Gharama ya nyama isiyoonekana sahanini

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo ambalo, kwa maoni yangu, halijapewa uzito unaostahili. Mwaka 2013 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilikadiria kuwa ufugaji huchangia asilimia 14.5 ya gesijoto (gesi zinazoongeza joto la dunia) zitokanazo na shughuli za binadamu, ikiwemo methani ambayo ng'ombe na wacheuaji wengine huitoa wanapomeng'enya malisho. Simlaumu mfugaji anayechunga nyikani, mahali pasipostawi mazao. Kinachonihuzunisha ni misitu kufyekwa ili ipandwe soya ya kulishia wanyama waliofungiwa vizimbani maisha yao yote, ilhali wengi wetu tunaoweza kula kunde badala ya nyama hatujajaribu hata kupunguza.

Msomaji wako